Jasho Juu ya Keki ya Jémima

Tante Mado hajui kupiga simu kwa sauti ya chini. Hata akikupa pole ya msiba, majirani watatu wanasikia na wa nne anakuja kuuliza. Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi, ilimbidi Chancelle aiweke simu mbali na sikio.

"Chancelle! Kuya mbio! Keki iko nalia!"

"Tante, keki hailiake. Iko na nini?"

"Minakuambia iko nalia! Machozi inashuka paka kwa ubao. Maua nyekundu inachuruzika sawa damu. Nyumba yote imejaa batu, na Mama Jeanne iko nasema ni mukosi. Mukosi yako weye!"

Chancelle akakaa kitandani. Alikuwa amelala saa mbili tu tangu aipeleke hiyo keki. Siku nne nzima aliifanyia kazi: ghorofa mbili, krimu ya siagi ndani, na juu yake fondan, ile ngozi ya sukari nyeupe na laini inayovutwa juu ya keki kama shuka juu ya godoro. Maua arobaini ya sukari aliyafinyanga moja moja kwa vidole vyake. Ilikuwa keki ya harusi ya Jémima. Na Jémima, kwa asiyejua, ni dada yake Gracien.

Na Gracien ni nani? Subiri nikuambie, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu atoke mbio kwenye mvua na kitambaa cha kulalia kichwani.

Gracien ni fundi wa klim, yaani viyoyozi. Huko kwenye mgodi wa Mashamba, kibanda cha dereva wa lori kubwa kikiwa moto kama chungu, anayeitwa ni yeye. Miezi minane nyuma alikuja mtaa wa Manika kutengeneza frigo ya Chancelle. Kazi ikamchukua nusu saa, kukaa kukamchukua saa tatu. Alikula mikate midogo sita bila kujijua. Kesho yake akarudi kuangalia kama frigo imelala vizuri. Frigo ililala vizuri kila siku, naye kila siku alirudi kuiangalia. Majirani walielewa kabla ya wenyewe.

Shida ilikuwa Mama Jeanne, mama yake Gracien na dada yake Tante Mado. Mjane wa tata Kalombo, baba yake Gracien, mama shemasi kanisani, mwanamke ambaye akikohoa kidogo tu, salon, yaani sebule nzima, inanyamaza. Yeye hakumtaka Chancelle, na sababu yake ilijulikana mtaa mzima. Zamani Chancelle alichumbiwa na mwanaume mwingine. Mahari ilikuwa imeshafika, mashangazi walikuwa wameshajifunga pagne, vile vitenge vya sare, kisha bwana yule akageuza mawazo na familia yake ikaja kuchukua vitu vyao, kitu kwa kitu, mchana kweupe. Kolwezi hii, habari ya namna hiyo haizeeki. Mara tatu Gracien alimwomba mama yake barua, ile barua ya kwanza ambayo familia ya kijana inawaandikia wazazi wa msichana kwamba tunataka kuja kubisha mlango. Mara tatu Mama Jeanne alinyamaza. Na baba wadogo wa Gracien hawashiki bic ya kuandikia kabla yeye hajatikisa kichwa.

"Bila barua sikuye," Chancelle alikuwa amemwambia Gracien. "Nilishaingia mu kinywa ya batu mara moja. Ya pili, hapana. Harusi ya Jémima ikipita na mama yako bado ananyamaza, tuachane kwa heshima."

Kazi ya keki alipewa na Jémima mwenyewe, aliyemng'ang'ania mama yake wiki mbili. Ndiyo maana, wakati Chancelle anapanda pikipiki na kisanduku chake cha kazi kifuani, mvua ikimpiga usoni, hakuwa anawaza sukari. Aliwaza barua.

*

Parcelle, uwanja wa nyumba ya Mama Jeanne, ilikuwa imejaa hadi barabarani. Chini ya mabati wanawake walikuwa wakigeuza bukari, yaani ugali, katika sufuria tatu kubwa, sombe ya majani ya muhogo ikichemka pembeni, mvuke ukipanda na kuingia kwa kila dirisha. Wajomba walikuwa wamekaa kwenye barza wakisifu mvua kana kwamba wameileta wao.

"Pisheni!" Tante Mado akapaza sauti. "Mwenye keki amefika! Pisheni, weye na matako yako yote, pisha!"

Keki ilikuwa juu ya meza ya salon. Chancelle akaisogelea. Fondan yote ilikuwa inang'aa kama paji la uso la mtu mwenye homa. Matone madogo madogo, maelfu, yalikuwa yameishika kila mahali; mengine yamekutana na kushuka, yakiburuta rangi ya maua. Ubavuni mwa ghorofa ya chini palikuwa pamevimba, kama yai limewekwa chini ya ngozi. Na mama mmoja mwenye huruma alikuwa ameshika kitambaa, anafuta.

"Mama, usifute! Tafadhali, acha! Kila fasi yenye unafuta, sukari inatoka pamoja na maji."

Yule mama akarudisha mkono. Alikuwa ameshaacha mistari minne ya vidole.

"Nilisema nini, mi?" Sauti ikatoka mlangoni. Watu wakageuka. Mama Jeanne alikuwa amesimama pale na pagne yake ya sherehe, mrefu, mikono ameikunja kifuani. "Siku ya furaha ya mutoto wangu, kitu inalia mu nyumba yangu. Kuko kitu yenye inaliaka bure?"

Hata kwenye sufuria miko ilisimama.

Chancelle akapitisha kiganja chini ya ubao wa keki. Ulikuwa baridi, baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita. Akainama kidogo, akanusa. Samaki. Harufu ndogo sana, lakini samaki. Akatazama huku na huku. Ile katoni aliyoiacha keki ndani yake, chumbani kwa Jémima, mbele ya ventilateri, yaani feni, haikuwapo tena. Ilikuwa imekunjwa kule barza, kando ya frigo kubwa ya vinywaji, na juu yake samaki wa thomson wamerundikwa, wanayeyuka.

Akaelewa. Kuna mtu aliitoa keki katika katoni, akaifungia kwenye barafu pamoja na samaki na bia za wajomba, kisha akaitoa na kuiweka katikati ya mvuke wa bukari na pumzi ya watu mia moja. Keki ya fondan ukiifanyia hivyo, itatoka jasho tu, hata ingebarikiwa na askofu.

Alifungua kinywa aulize ni nani. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo akaona mkono wa blauzi ya Mama Jeanne, pale unapokunjika kwenye kiwiko: mstari mweupe wa sukari, na katikati yake alama ndogo nyekundu, ya ua.

Macho yao yakakutana. Ya Mama Jeanne hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya wageni na anasikiliza nyayo zikija.

"Ni hewa, Mama," Chancelle akasema, kwa sauti ambayo salon yote ilisikia. "Kitu ya baridi ikikutana na joto ya batu na mvua, maji ya hewa inakaa juu yake. Sawa chupa ya bia kwa meza. Haiko machozi. Itakauka."

"Itakauka saa ngapi?" Tante Mado akauliza. "Saa munane tuko kanisani!"

"Nipatieni fasi moja yenye hewa kavu."

"Courant ya umeme ilikatika tangu saa tatu," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Hapa hakuna hewa kavu. Iko kule kwangu tu."

Hakugeuka. Hakuwa na haja. Shingo yake ilishamjua Gracien kabla ya masikio.

"Kwako wapi?"

"Mu jeep. Haina radio, mulango ya nyuma inafungwa na kamba, lakini klim yake, hata mukubwa wa mugodi hana. Klim inakunywa maji ya hewa, Chancelle. Inakunywa, inatemea chini ya gari. Utaweka keki mule, tutazunguka polepole, paka ikauke."

Mama Jeanne akaikunjua mikono. "Babili peke yao mu gari?"

"Dada," Tante Mado akamjibu, "kuko keki katikati yao. Nani ingine anajua kuiguza?"

Salon ikacheka, na katika kicheko hicho watu wanne wakaibeba keki nje chini ya mwavuli, kama wanavyobeba mgonjwa wa heshima. Wakati Chancelle anaingia, Tante Mado akamsukumia mkononi kichupa kilichofungwa kwa kitambaa.

"Lutuku yangu ya kusugua magoti," akanong'ona. "Uliniambiaka siku moja eti pombe kali inaondoaka rangi mu sukari. Usionyeshe mama shemasi."

*

Walilaza viti vya nyuma, wakaweka keki sakafuni juu ya blanketi, na Chancelle akakaa chini karibu nayo, miguu ameikunja, mkono mmoja ukizuia ubao. Gracien akafunga vioo vyote, akafungua klim. Gari likaanza kwenda polepole kama mtu anayetembea na mtoto aliyelala.

Nje mvua ilikuwa imefuta mji. Watu walipita kama picha zilizolowa: mwanamke na beseni kichwani, vijana watatu wa kuchimba wakirudi kutoka machimbo ya Mutoshi na magunia mabegani, wamejifunika mfuko mmoja wa plastiki, wanacheka. Matope mekundu yalitiririka kando ya barabara. Mbali, vilima vyeupe vya mabaki ya madini ya Kingamyambo vilielea ndani ya ukungu, na Chancelle akafikiri kwamba navyo vinaonekana kama vimefunikwa fondan, na kwamba Mungu hakuhangaika kuvikausha. Ndani ya gari palikuwa kimya na baridi kidogo, harufu ya vanila na ya nguo zenye mvua.

"Inaendelea?" Gracien akauliza. Macho yake yalikuwa kwenye kioo kidogo cha mbele. Kioo hicho kilipaswa kuonyesha barabara ya nyuma. Yeye alikuwa amekigeuza.

"Angalia barabara."

"Niko naangalia."

"Unaangalia mi."

"Barabara ni weye."

"Eh, Gracien! Maneno ya mu telefoni ya batoto." Lakini alicheka, na kucheka kukamlainisha mabega.

Matone yalianza kuondoka. Hayakuanguka. Yalipungua tu, moja baada ya jingine, kama nyota asubuhi, na mahali yalipokuwa palibaki weupe usiong'aa, mtulivu. Chancelle hakugusa kitu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, kukaa mikono juu ya magoti wakati moyo unataka kufuta, kukaza, kupiga na hewa ya moto. Hewa ya moto ingeyeyusha kila kitu.

Sehemu za juu zilipokauka, akachovya brashi nyembamba katika lutuku, akaanza kufuata michirizi myekundu. Pombe iliilainisha rangi, akaichukua kwa ncha ya karatasi kavu, na ile pombe ikapaa kabla haijaumiza sukari.

"Hiyo harufu ni ya nini?" Gracien akauliza.

"Magoti ya tante yako."

Alicheka hadi gari likayumba. "Keki ya mutoto wa mama shemasi, imepakwa lutuku! Siku akijua atafunga maombi ya siku arobaini."

"Nyamaza, endesha."

Akachukua sindano, akatoboa kwa upande pale palipovimba, hewa ikatoka bila sauti, na kwa kiganja kilichopakwa unga kidogo wa maizena akapalaza. Mistari ya vidole vya yule mama wa huruma akaifunika kwa maua matatu aliyobakisha kisandukuni. Ua la mwisho alilipanga mara tatu. Gracien akaona. Akasimamisha gari kando ya barabara, akaacha injini ikiwaka ili klim isife, akageuka mzima.

"Ilitoka mu frigo," akasema. "Mi ni fundi ya frigo, usinidanganye. Ubao iko na harufu ya thomson. Nani aliiweka?"

"Sijue."

"Unajua." Akamtazama. "Ni Mama."

Chancelle akapuliza unga wa maizena kwenye brashi.

"Chancelle, mbele ya batu bote alikuita mukosi. Na ni yeye! Mbona haukusema?"

"Nilitaka kusema. Hata sasa bado nataka, usifikiri mi ni malaika." Akaweka brashi chini. "Lakini nilimuona. Aliogopa, Gracien. Courant imekatika, joto imepanda, keki ya mutoto wake. Aliikumbatia na blauzi ya harusi, akaibeba yeye mwenyewe, na kila ua alifikiri anaokoa. Mama yangu angefanya vile vile."

Mvua ilipiga paa la gari. Gracien akanyoosha mkono juu ya kiti, juu ya keki, polepole, bila kuigusa, hadi vidole vyake vikafika kwenye shavu la Chancelle na kufuta chembe ya sukari iliyokuwa pale. Hakuurudisha mkono. Chancelle akafumba macho. Kama dunia ingekubali kusimama saa moja, angeomba hiyo saa: klim ikipumua, vioo vimejaa maji kwa nje tu, na mkono huu.

"Twende," Gracien akanong'ona. "Mafuta iko. Tupite Likasi, tufike Lubumbashi, tuoane kiserikali kwa burgomestre. Barua tutaiandika siye wenyewe."

"Na Jémima atakata nini mbele ya batu? Kwanga ya muhogo?"

"Minasema kweli."

"Na mi minasema kweli." Akaushika ule mkono, akaubusu kwenye kiganja mara moja, kisha akaurudisha juu ya usukani kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Nikiingia mu nyumba yenu, nitaingia kwa mulango. Bila vile, leo ni mwisho. Turudi. Saa sita imepita."

Alirudisha gari barabarani. Safari yote ya kurudi hakutazama kile kioo, na Chancelle akajua ni kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

*

Walisimama mbele ya parcelle. Chancelle aliomba dakika kumi zaidi, ghorofa ya chini ilikuwa bado inanata kidogo kwenye kona. Gracien hakuzima injini.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mwavuli ukaingia kwanza, kisha Mama Jeanne, kilemba kikigusa paa. Akakaa kando ya mwanawe, akavuta mlango.

"Funga muzuri, Mama," Gracien akasema, "hewa isi..."

"Nimefunga. Weye nyamaza, angalia gari yako."

"Gari imesimama, Mama."

"Basi simama nayo."

Akageuka nyuma. Akaitazama keki muda mrefu, juu mpaka chini, ua kwa ua. Ilikuwa nyeupe, kavu, tulivu kabisa.

"Imekauka," akasema.

"Imekauka, Mama. Tusiiguse tu."

"Siguse. Niliiguza sana." Akashusha sauti. "Courant ilikatika. Nilisema, sukari na hii joto, itayeyuka kabla ya saa munane, na batu watacheka mutoto wangu. Katoni haikuingia mu frigo, nikaikunja. Nikatoa samaki, nikaiweka mule."

"Minajua, Mama."

"Ulijua? Pale mu salon?"

Chancelle akaonyesha kwa kidevu. Mama Jeanne akaugeuza mkono wake, akaiona ile alama kwenye kiwiko, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Na haukusema kitu."

"Nilibakisha kidogo tu niseme, Mama."

Kitu kilipita kwenye midomo ya yule mwanamke. Kingekuwa kwa mtu mwingine, ungesema ni kicheko.

"Mi ningesema," akajibu. "Weye ungeiweka mu frigo, mi ningesema paka mu microfoni ya kanisa." Akakohoa. "Frigo ni mubaya?"

"Hapana. Ila iingie na katoni yake, imefungwa. Na ikitoka, ikae vile mu katoni, masaa mbili, tatu, paka baridi iishe polepole. Maji inakaa juu ya katoni, haifike kwa keki. Nilipaswa kuandika juu yake, Mama. Ni mi nilikosa pale."

"Siku ingine uandike."

"Siku ingine?"

Mama Jeanne alikuwa amefungua sakoshi yake, anatafuta. Akatoa miwani, bic, na karatasi ya programu ya misa. Akaweka miwani puani.

"Mu famille yenu," akauliza bila kuinua kichwa, "barua inafikaka kwa nani?"

Gracien alishika usukani kwa mikono miwili. Chancelle akaondoa mkono kwenye ubao wa keki.

"Kwa tata mukubwa, Mama. Tata Mbayo Ezéchiel."

Bic ikashuka juu ya karatasi, ikakwaruza, ikakataa. Programu ilikuwa imeshika unyevu wa mvua. Mama Jeanne akajaribu tena, akasonya, kisha akaishika ile karatasi mbele ya tundu la klim, kwa vidole viwili. Wote watatu wakaitazama ikitikisika pale, ikinyooka taratibu.

Akaigusa kwa kidole. Akaridhika. Akaiweka juu ya goti.

"Rudilia jina," akasema. "Polepole."